Waifai ya ofisi: bosi akomee wapi?

MzeeWaKontena:
Wadau, tujadili bila jazba. Nina ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, watu tisa. Wiki iliyopita mfumo wa forodha ulikuwa unafunguka kwa kusuasua, kontena la mteja limeshaanza kuhesabiwa storeji, na mimi nailaumu serikali. Fundi kuangalia ruta, kumbe kijana wangu anashusha tamthilia ya Kikorea, epsodi zote 16! Nimefunga YouTube, Instagram na tovuti za kubeti. Sasa fundi anasema anaweza kuniwekea programu ya kuniletea kila kinachoandikwa kwenye kompyuta za ofisi, hata WhatsApp. Mashine zangu, umeme wangu, bando langu. Kosa liko wapi?

DadaWaMapokezi:
Mkuu, kwetu walipofunga Instagram tulihamia kwenye bando letu. Simu chini ya meza, macho mlangoni. Muda unapotea uleule. Na WhatsApp hufungi, wateja wote wako humo. Halafu niambie, ile meseji ya "naomba lile faili sasa hivi" saa nne usiku, huwa inaingia kwa bando la nani?

WakiliWaMtaani:
Kufunga tovuti ni ruksa yako. Kusoma barua za watu ni jambo jingine kabisa.

Iko kesi ya Bogdan Bărbulescu, mhandisi wa mauzo wa Romania, aliyefukuzwa 2007. Mwajiri alirekodi mazungumzo yake ya Yahoo Messenger, yakiwemo ya kwake na mchumba wake. Kanuni za kampuni zilikataza matumizi binafsi, naye alizisaini. Akaishitaki Romania, na mwaka 2016 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema haki yake ya faragha haikuvunjwa. Septemba 2017 jopo kubwa la mahakama hiyohiyo likageuza, kura 11 kwa 6: mahakama za Romania hazikujiridhisha kama jamaa alijulishwa mapema kwamba maneno yenyewe yatasomwa, wala kama hapakuwa na njia nyepesi zaidi.

Hukumu hiyo haitufungi sisi. Ila ibara ya 16 ya Katiba yetu inataja mawasiliano binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo kazini. Ukimfukuza mtu akaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, utaulizwa sababu na utaratibu, vyote viwili.

MzeeWaKontena:
Nikiwapa onyo la maandishi, wakasaini?

WakiliWaMtaani:
Linasaidia, lakini yule Mromania naye alisaini. Ruta yako imeshakuonyesha nani anakula bando. Ulihitaji kujua kamwandikia nini mpenzi wake?

KarafuuNaMdalasini:
Mimi niko upande wa mzee, kidogo. Ofisini kwetu mhasibu alikuwa anaweka mikeka ya kubeti kwenye kompyuta ya kazi. Msimsafishe mfanyakazi kana kwamba wote ni malaika.

DadaWaMapokezi:
Na alikamatwa kwa programu ya kuchungulia?

KarafuuNaMdalasini:
Hapana. Hesabu za siku hazikufunga.

MzeeWaKontena:
Haya, programu nimeisimamisha kwanza. Tovuti za kubeti zibaki zimefungwa, nyingine nitafungua mchana saa ya kula. Kijana wa tamthilia namkalisha kitako kesho. Na wewe dada umeniumbua. Juzi nimetuma saa tano usiku.