Mama hakumlilia baba, sasa anamlilia mzee wa kwenye tamthilia. Naombeni ushauri

binti_chumbageni
Habari zenu wanajamvi. Naomba mawazo yenu, hasa mliowahi kukaa na mzazi mjane.

Baba yetu alifariki mwaka jana baada ya kuugua muda mrefu. Mama alikaa eda yake Tanga, miezi minne na siku kumi, kwa utulivu uliowashangaza hata mashangazi. Kila aliyekuja kuhani alimwambia, "Subiri Bi Mkubwa, usilie, utamsumbua marehemu." Naye akasubiri. Sikumwona akitoa chozi, si siku ya maziko wala kwenye hitima.

Tangu atoke eda amekamatwa na tamthilia moja ya Kituruki, hizi zinazotiwa sauti za Kiswahili. Akishaswali Isha yuko mbele ya runinga. Wiki iliyopita mzee mmoja wa humo alifia hospitalini, mkewe kamshika mkono. Mama alipiga yowe mpaka jirani akaja kugonga mlango. Usiku huo hakula. Asubuhi akanipigia huku Dar, akanisimulia kifo kile mwanzo mwisho huku analia, na yule mzee anamwita "marehemu" kabisa. Akaniambia, "Mwenzangu kajaaliwa, kamshika mkono mpaka mwisho."

Kaka yangu anayeishi naye anasema mama anachanganyikiwa, anataka kukiondoa king'amuzi. Mama ana presha, kwa hiyo hofu yake naielewa. Ila moyo wangu unasita. Nifanyeje?

Mkuu wa Kaya
Pole kwa msiba, dada. Mimi niko na kaka yako. Mtu mwenye presha hapaswi kupiga mayowe usiku kwa ajili ya waigizaji wanaolipwa. Ondoeni, mwekeeni redio asikilize mawaidha na taarabu. Atasahau.

nesi_wa_zamu
Dada pole sana. Kabla sijasema lolote, naomba kukuuliza jambo moja. Baba alipokata roho, mama alikuwepo?

binti_chumbageni
Hapana. Muda wa kuona wagonjwa ulikwisha, wakamtoa wodini. Alilala nje kwenye benchi. Alfajiri ndipo akaambiwa. Hajawahi kulizungumzia hilo, hata kwangu.

Nimeandika hapa ndiyo nimeona. Ya Rabi.

nesi_wa_zamu
Basi usimruhusu kaka aguse hicho king'amuzi.

Nimefanya kazi wodi za watu wazima miaka mingi na nimewaona wajane wa namna hii. Msibani mjane ana kazi nyingi mno: anapokea wageni, anaitikia pole, anaangaliwa na kila mtu kama anasubiri au anakufuru. Pale sebuleni hakuna anayemwangalia. Kifo kimekuja kwa mtu mwingine, katika nyumba nyingine, na kwa sababu hiyo anaweza kukitazama mpaka mwisho. Mwili nao haungoji kuambiwa kwamba huu ni uigizaji. Moyo unaenda mbio, koo linakaba, machozi yanatoka, na machozi yenyewe ni ya kweli kabisa. Yule mke kwenye runinga amefanya kile ambacho mama yako alinyimwa. Kwa maoni yangu alikuwa anamzika baba yenu usiku ule.

Mpigie leo. Mwache akusimulie ile tamthilia tena, usimkatishe, usimwambie "mama, ile ni filamu tu". Halafu muulize taratibu: na baba je, mama? Ukimuuliza hivyo, nyamaza. Mpe nafasi, hata simu ikikaa kimya dakika nzima.

Mwl. Kiswahili
Naongezea kidogo kwa sababu nafundisha fasihi na jambo hili naliona kila mwaka darasani.

Tunawaambia watoto kwamba hadithi huburudisha na kuonya, tunaishia hapo. Nguvu yake ni kubwa kuliko hivyo. Wenye umri wangu mnakumbuka Twende na Wakati, mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu walizungumzwa mitaani kama majirani. Kuna utafiti ulifanyika: hadi mwaka 1995 matangazo ya Dodoma hayakuurusha, makusudi, ili watu wa huko walinganishwe na wasikilizaji wa mikoa mingine. Waliousikia walionyesha kubadilika zaidi kwenye uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. Hotuba na vipeperushi vilikuwepo nchi nzima. Mkwaju ndiye aliyeongeza kitu.

Lakini dada, kinachomhusu mama yako hasa nakiona Rwanda. Kule ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya mwaka 2004, kuhusu vijiji viwili vyenye uhasama, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vilivyousikiliza kwa mwaka mzima, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Imani za watu binafsi hazikusogea sana. Kilichosogea ni kile walichokiona kuwa jamii inakikubali, na namna walivyotendeana. Nao walisikiliza wamekaa pamoja.

Mama yako alikatazwa kulia na watu waliomzunguka. Sasa analia peke yake. Awepo mtu pembeni yake saa ya tamthilia, na mtu huyo naye asione haya kutokwa na machozi. Kaka yako ndiye yuko karibu.

Abu Rukia
Assalaam alaykum. Naomba kusahihisha maneno aliyoambiwa mama. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa akasema machozi ni rehema. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa mayowe, kujipiga na kuchana nguo. Chozi halina dhambi. Naumia kila nikisikia mjane anatishwa kwamba atamsumbua marehemu kwa kulia. Tafuteni mwanamke mwenye elimu ya dini amwambie hivyo kwa sauti ya upole. Kwake itakuwa nzito kuliko ikitoka kwa watoto wake.

Mkuu wa Kaya
Nimesoma yote. Habari ya benchi imenigusa. Ila presha ipo palepale, na nesi hujaigusa.

nesi_wa_zamu
Ni kweli mkuu. Hasira na kilio hupandisha presha kwa muda, hivyo asiruhusiwe kuruka dawa, na apimwe wiki hii. Akiumwa kifua, kichwa kikimgonga vibaya au mkono ukifa ganzi, hospitali hapohapo. Kukosa mlo mmoja kwa huzuni hakunitishi. Akiendelea kukosa chakula na usingizi, akisema hana sababu ya kuishi, au akishikilia kwamba yule mzee alikufa kweli hata baada ya kuelezwa, mpelekeni Hospitali ya Bombo hapo Tanga na muulize huduma ya afya ya akili.

binti_chumbageni
Asanteni sana. Nimemtumia kaka uzi huu ausome mwenyewe. Amejibu neno moja: "Sikujua." Leo atakaa naye baada ya Isha. Mimi ninaomba ruhusa kazini niende Tanga Ijumaa, na shangazi mkubwa, mwalimu wa madrasa, amekubali kuja Jumamosi.

Nesi, nikifika nimwulize mimi kuhusu usiku ule wa benchi, au nimngoje aanze?

nesi_wa_zamu
Anza wewe. Mwambie unajua kwamba alikuwa nje pale.