Mipaka ya majimbo bado inasubiri kibali cha Rais. Tume huru gani hiyo?

Wakuu, hili nimelimeza tangu Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya manane, na leo limenifika shingoni.

Nakaa Mbezi, wilaya ya Ubungo. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,086,912. Wabunge wetu ni wawili, wa Ubungo na wa Kibamba, yaani kila mmoja amebebeshwa watu 543,456. Sasa nenda Kigamboni: watu 317,902, mbunge mmoja. Mkoa ni huohuo, tozo ni zilezile, ila kura ya ndugu yangu wa Kigamboni inakaribia kuwa na uzito mara mbili ya yangu. Dar ikaongezewa Kivule na Chamazi, Ubungo tukaambulia patupu. Kigezo eti watu 600,000 kwa jimbo la mjini. Nani alikaa akaichagua hiyo namba? Kigamboni wenyewe wako karibu nusu yake na jimbo wanalo!

Najua kuna watakaokimbilia Zanzibar, kwamba watu 1,889,773 wana majimbo 50. Naomba tusiuzamishe uzi huko. Zanzibar ni mshirika wa Muungano na ina hoja yake. Mimi naongelea Bara dhidi ya Bara, jirani dhidi ya jirani.

Na mzizi wa yote haya uko kwenye Katiba. Ibara ya 75 inasema nchi itagawanywa katika majimbo kama tume itakavyoamua "baada ya kupata kibali cha Rais". Kibali! Rais huyo ndiye mwenyekiti wa chama kinachogombea majimbo hayohayo. Maombi ya kugawa jimbo nayo hupanda kupitia kamati za ushauri za wilaya na mkoa, ambazo wenyeviti wake ni mkuu wa wilaya (DC) na mkuu wa mkoa (RC), wateule wa Rais. Yanaanzia mikononi mwa watu wake, yanaishia mezani kwake. Katikati hapo mwananchi wa Mbezi anasikilizwa na nani?

Ukiona umeonewa, uende mahakamani? Soma ibara ya 74(12): hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza jambo lililotendwa na tume katika kutekeleza madaraka yake. Mlango umefungwa na ufunguo umetupwa baharini.

Msiniambie habari ya sheria ya tume ya 2024. Imetuletea jina la Tume Huru na kamati ya usaili ya kupata wajumbe, lakini ibara ya 75 haikuguswa hata nukta. Jina limepakwa rangi mpya, kibali kiko palepale.

Kenya waliandika kwenye Katiba yao ya 2010 kwamba idadi ya watu jimboni isipishane na wastani kwa zaidi ya asilimia 30, au 40 kwa majiji na maeneo yenye watu wachache. Asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu. Nao wana aibu yao: Machi 2024 muda wao wa kupitia mipaka uliisha wakati tume haina hata kamishna mmoja. Lakini walau Mkenya ana kifungu cha kushika mkononi anapolalamika. Mimi nina nini?

Ninachotaka ni tume ya mipaka peke yake, isiyosimamia uchaguzi. Wajumbe wake wasiteuliwe na mtu ambaye chama chake kina wagombea. Ukomo wa tofauti ya watu kati ya jimbo na jimbo uandikwe kwenye Katiba, ramani ibandikwe kila kata kabla haijapitishwa, na mahakama iwe wazi. Kibali cha Rais kifutwe, chote.

Wakuu, chukueni sensa ya 2022, gawanyeni watu wa wilaya zenu kwa idadi ya wabunge, muweke hapa chini. Naanza mimi: Ubungo, 543,456.