Baa za Dar: kilo ya nyama inapimwa kwa jicho, bili inabambikwa, risiti hakuna

Wakuu, heshima kwenu.

Nimechoka na viwanja vya starehe vya Dar es Salaam. Kwa wingi hatuna shida. Sinza, Tabata, Kinondoni, Mbagala, ikifika jioni kila kona jiko linafuka moshi na viti vimepangwa mpaka barabarani. Shida ni kwamba ukikaa kwenye kile kiti unaanza kuibiwa, na unaibiwa na watu wanaokuita bosi.

Jumamosi tulikuwa watu wanne kwenye baa moja ya Sinza, jina naliacha. Tukaagiza mbuzi kilo mbili, ndizi na kachumbari. Nikamwambia mhudumu nataka niione nyama ikipimwa. "Kaka we kaa tu, nyama inakuja." Sikukaa, nikaenda jikoni. Nyama imeshakatwakatwa, iko kwenye sinia. Mizani ipo nyuma ya friji, juu yake kuna ndoo ya mkaa. Namuuliza mchomaji amepima saa ngapi, ananijibu kazi hii ameifanya miaka mingi, mkono wake unajua kilo.

Mkono unajua kilo! Na hela yangu nayo nimpe kwa kukadiria?

Baada ya saa nzima na ushee ndiyo ikaletwa. Mifupa ya shingo, mbavu zisizo na kitu, vipande vya mafuta, na nyama yenyewe ya kutafuta chini ya ndizi. Kabla hamjaniambia nyama ikichomwa inapungua, najua. Maji yanatoka, mafuta yanadondokea kwenye mkaa, hakuna mtu mwenye akili anayetegemea kilo mbili mbichi zifike mezani zikiwa kilo mbili. Ndiyo maana nyama inatakiwa ipimwe ikiwa mbichi, mbele ya mteja, mwenyewe akiona mshale unasimama wapi na mifupa kiasi gani imeingia. Ikishapanda jikoni ushahidi umekwisha. Ukilalamika unaambiwa "imesinyaa bosi", na huna cha kujibu. Hapo ndipo wanapotupigia.

Bia nazo hivyo hivyo. Zamani chupa tupu zilikuwa zinaachwa mezani au chini ya meza mpaka bili ilipwe, mnahesabu pamoja na mhudumu, mnamalizana. Siku hizi ukimaliza tu chupa imeondolewa, eti anasafisha meza. Bili ikaja kwenye kipande cha daftari: bia kumi na nne. Tulikunywa kumi, na mmoja wetu alikuwa anakunywa soda usiku kucha. Tukabishana mpaka meza za jirani zikageuka kututazama, meneja akaja akatuambia tusiaibishane kwa bia nne. Yaani anayebambikiwa ndiye mwenye aibu!

Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mashine mbovu. Nikaomba lipa namba nilipe kwa simu, likatokea jina la mtu binafsi, siyo la baa. TRA, watu wa kodi, wanatuimbia kila siku "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti". Haya, nimedai. Nimepewa kipande cha daftari.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanyonge wa biashara hii hawafanyi huu upuuzi. Nenda kwa mama lishe yeyote, uliza wali maharage bei gani, anakutajia kabla hujakaa, na sahani inapakuliwa unaiona. Nenda Feri pale Kivukoni, unanunua samaki wako mwenyewe, unampelekea mkaangaji, mnapatana bei ya kukaanga na unasimama pale pale mpaka aive. Hawa hawana viyoyozi wala taa za rangi, lakini hesabu yao iko wazi. Mwenye baa ya ghorofa ndiye anayeficha mizani. Na kwenye baadhi ya fukwe za Kigamboni ndiyo balaa, samaki anapewa bei kwa kukutazama wewe umevaa nini.

Wahudumu siwatetei, ila nisiwabebeshe wao peke yao. Mshahara wa mabinti wengi wa baa ni mdogo sana, na sehemu nyingi chupa ikipotea au mteja akikimbia bila kulipa, wanakatwa wao. Hilo pengo linahamia kwenye bili ya meza nyingine. Mwenye baa anajua, na anakaa kimya kwa sababu halimgusi mfukoni.

Kuna Wakala wa Vipimo na kuna Sheria ya Vipimo. Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kupigwa chapa. Tunawaona kwenye vituo vya mafuta na kwenye lumbesa, yale magunia ya viazi na vitunguu yanayojazwa kupita kiasi. Naomba wapite na jikoni kwenye baa, tena usiku wa Jumamosi, siyo Jumatatu asubuhi wakati mkaa haujawashwa. Mtu anayeandika kwenye ubao "kilo" bila kupima anauza uongo, awajibishwe kama muuza petroli anayechezea pampu.

Ya muziki wa kupasua masikio mpaka mnaongea kwa ishara, na choo kisicho na maji, hayo tutaanzisha uzi wake.

Kwa sasa nataka tufanye hivi. Anayejua baa hapa Dar ambayo mizani iko kaunta, nyama inapimwa unaona, bei zimeandikwa ukutani na risiti ya mashine inatoka bila kugombana, aitaje hapa pamoja na mtaa. Mimi na wenzangu tutahamishia hela zetu huko kuanzia wikiendi hii.