Abiria wa treni ya Pugu tumechoka kupisha makontena saa za kwenda kazini!

Wakuu, naandika hasira ya asubuhi bado iko kifuani, mnivumilie.

Leo nimefika stesheni ya Pugu, hapa Dar es Salaam, saa 11:40 alfajiri ili niwahi siti. Saa 12:10 ya kuondoka imefika, mabehewa yamejaa hadi milangoni, mama mmoja ana mtoto mgongoni anampeleka kliniki, wanafunzi wamebanwa ukutani. Treni haitoki. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Hakuna tangazo, hakuna hata mtu wa kutuambia tushuke tukapande daladala. Ndipo kikatokea kichwa cha treni ya mizigo kikipandisha taratibu kutoka mjini na msururu wa makontena nyuma. Lilipopita behewa la mwisho, na sisi tukaruhusiwa. Kazini nimeingia saa 2:40 na posho ya siku imekatwa. Ni mara ya tatu mwezi huu.

Najua watakuja watu hapa kuniuliza, "Reli ni moja, unataka mgongane?" Sitaki. Kati ya stesheni na stesheni inaingia treni moja tu, nyingine inangoja kwenye njia ya kupishana mpaka stesheni masta wa upande wa pili athibitishe kuwa njia iko wazi. Kanuni hiyo ndiyo uhai wetu. Sisi tunaoikumbuka ajali ya Igandu, Dodoma, Juni 24, 2002, treni ya abiria iliposhindwa breki ikarudi kinyumenyume mlimani na kukutana na ya mizigo kwenye reli ileile, wakafa zaidi ya watu 280, hatuwezi kumwomba dereva aivunje hata kwa dakika moja.

Ninachouliza ni kwa nini anayengoja ni sisi kila siku. Ile treni ya mizigo kuna mtu aliiruhusu kutoka mjini alfajiri. Anaijua ratiba yetu. Anajua pia kwamba uzito ule ukianza kuvipanda vilima vya Pugu haukimbii, na ukishaingia njiani hakuna wa kuupita. Angeishikilia yadi mpaka saa 3, nani angeumia? Mzigo unaokwenda Mwanza au Kigoma una safari ndefu mno, kuchelewa kwa muda wa saa tatu kwake si kitu. Kwangu dakika arobaini ni pesa ya unga!

Reli hii Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 kuelekea Morogoro, nia yao ikiwa kuunganisha bandari na bara. Mtu wa Gongo la Mboto anayewahi kibarua Kariakoo hakuwamo kwenye hesabu. Treni ya jiji ilipoanza 2012, ile tuliyoizoea kwa jina la Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilipandishwa juu ya reli zilezile za mizigo. Nilishangilia kama wenzangu na bado naitaka treni hii kuliko foleni ya barabara ya Nyerere. Lakini huwezi kuongeza treni na njia ikabaki ileile, halafu ukamwachia abiria abebe matokeo.

Wenzetu wa Sydney, Australia, waliweka marufuku: saa za asubuhi na jioni treni za mizigo haziingii kwenye reli za abiria. Mizigo ilipobanwa sana wakaijengea njia yake yenyewe, kilomita 36, ikafunguliwa Januari 2013. Sisi hatujafika kwenye kudai njia mpya. Marufuku haihitaji saruji wala mkopo, ni karatasi na saini: saa 11 hadi 3 asubuhi, saa 10 hadi 2 usiku, mizigo ikae yadi. Na ikitokea dharura, tutangaziwe kabla hatujakata tiketi.

Mnaopandia Vingunguti na Gongo la Mboto, nanyi leo mmesimama dakika ngapi? Andikeni hapa tarehe, stesheni na muda mliongoja, wiki mbili mfululizo. Nitachapa kila kitu na kukipeleka mwenyewe mkononi kwa wahusika.