Tupeane uzoefu: siku Prolog (lugha ya programu) ilipoandika kitu, kisha ikashindwa kukisoma yenyewe

Mfukua_Kodi: Wakuu, jana nimetoneshwa kidonda. Kijana kaniletea faili lake, kahifadhi data yote kwa write, amri ya kuandika, anauliza mbona halisomeki. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Mwageni yenu.

Bundi: Nukta. Kasahau nukta mwishoni mwa kila mstari, na Prolog bila nukta haijui sentensi imekwisha. Wote tumepita hapo.

Mama_Kigeu: Nukta ni cha mtoto. Langu lilisomeka bila kosa hata moja, na huo ndio ulikuwa msiba. Nilikuwa na ruhusa('X', mhariri). 'X' lilikuwa jina la kundi, herufi kubwa. write ikaandika ruhusa(X,mhariri), vinukuu vimeyeyuka. Kuisoma tena, X bila vinukuu si atomu (jina la kudumu), ni kigeu (nafasi inayokubali chochote), na kigeu hakikatai mtu. Yeyote aliyeulizwa kama ni mhariri, jibu true. Siku mbili wageni wanahariri watakavyo! Usiku kucha nakagua sheria zangu mstari kwa mstari, hazina doa. Kulipokucha nikapiga listing(ruhusa), inayoonyesha kilichohifadhiwa, nikaona ruhusa(_, mhariri). Nikakaa chini.

Bundi: Duh. Pole mama.

Tumbo_Joto: writeq, inaweka vinukuu. Mjadala umefungwa.

Kipanga: Umefungwa na nani? writeq inaandika kwa opereta, alama kama + na *. Ukijitangazia yako kwa op, halafu faili likasomwa na programu isiyoijua, kosa la sintaksia hilo. Tumia write_term yenye quoted(true), iweke vinukuu, na ignore_ops(true), isitumie opereta.

Tumbo_Joto: Na nani atasoma +(1,*(2,3)) kwa macho? Wewe?

Kipanga: Macho ya nini? Faili la mashine hilo.

Jongoo: Mimi nilinakili jibu la SWI-Prolog, toleo moja la Prolog linalofupisha orodha kwenye skrini, nikalibandika kwenye ripoti. Orodha ndefu, mwisho wake |...]. Bosi akauliza hizo nukta tatu ni kina nani.

Bundi: 😂😂

Nusu_Mkate: Nyongeza. Nilipitisha f(X) kwenye term_to_atom, inayogeuza kitu kuwa maandishi, kisha g(X) peke yake, X ikiwa ile ile. Nilipozisoma tena, kila moja na kigeu chake, undugu umekufa. Siku hizi nazifunga pamoja, f(X)-g(X), naandika mara moja.

Tumbo_Joto: Au portray_clause. Inaweka hadi nukta ya Bundi.

Mfukua_Kodi: Mama_Kigeu, lile kundi bado linaitwa X?

Mama_Kigeu: Linaitwa kundi_x. Herufi ndogo. Na vinukuu nimeweka hivyo hivyo.