Video za harusi GB 41: ninunue diski, laptopu ya mtumba, au nibane humuhumu kwenye simu?

Mwana_Korogwe
Habari zenu wakuu. Nina video za harusi ya mdogo wangu, zimefika GB 41 na simu imeanza kugoma, kila nikifungua kamera inasema nafasi imejaa. Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza ninunue diski ya nje ya TB 1, dukani nimeambiwa laki moja na arobaini. Ya pili kuna jamaa anauza laptopu ya mtumba laki tatu na nusu, niichukue nibanie video humo na kazi nyingine nifanyie humo humo. Ya tatu nimalizane na simu kwa programu ya kubana. Ndugu wananidai video kila siku, na mwenye laptopu anataka jibu keshokutwa. Ipi bora?

Kipanga_Mbeya
Mkuu, umetaja bei zote lakini yale tunayoyahitaji hukuyasema. Simu gani? Video zina dakika ngapi kwa jumla? Hao ndugu wako wapi, na watatazama kwenye simu au TV? Laptopu ina prosesa gani, RAM ngapi? "Laptopu ya mtumba" inaweza kuwa kitu chochote.

chuma_cha_pwani
HandBrake, yakhe, programu ya kubana video. Ni ya bure, iko ya Windows, Mac na Linux. Mimi hapa Mombasa kila video ya arusi inapita humo. Chukua laptopu.

Mama_Zawadi
Kwa nini usizitume WhatsApp tu? Inabana yenyewe.

Kipanga_Mbeya
Mama Zawadi, inabana kweli, lakini inabana kwa matakwa yake, si yako. Sura za watu zinabaki kama zimepakwa maji. Ukiituma kama dokumenti haiguswi, ila hapo inakwenda na uzito wake wote, mwisho GB 2 kwa faili moja, na bando la anayetuma na la anayepokea yote yanateketea.

Mwana_Korogwe
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Simu ni Samsung. Video zote kwa jumla ni saa moja na dakika 54. Ndugu wako Tanga, na mjomba yuko Muscat. Laptopu sijaiuliza prosesa, naona tu ina RAM ya GB 4.

Kipanga_Mbeya
Sasa tunaongea. GB 41 kwa dakika 114 ni kama MB 360 kwa kila dakika. Hiyo ni picha ya ukali wa 4K, mkuu. Ulirekodi harusi nzima kwa 4K bila kujua. Ungeweka 1080p ya kawaida, yenye robo ya nukta za 4K, simu nyingi za Android zingekula kama MB 125 kwa dakika, ungekuwa na GB 14 hivi.

Shika hesabu hii, haibadiliki kwenye kifaa chochote: megabiti 1 kwa sekunde ni MB 7.5 kwa dakika. Ukishusha hadi 1080p ukatumia megabiti 4 kwa sekunde, dakika moja ni MB 30, na dakika 114 ni GB 3.4. Sauti inaongeza kama MB 110 tu. Kutoka 41 hadi tatu na nusu, na kwenye TV ya sebuleni shangazi yako haoni tofauti. Ukishuka hadi 720p, picha ndogo zaidi, kwa megabiti 2 ni GB 1.7, hiyo ya mjomba Muscat.

Fundi_Salehe
Hesabu nzuri, ila hapo unazungumzia H.264, mtindo wa kubana video wa tangu 2003. Atumie H.265, mtindo mpya zaidi, atapata ubora uleule kwa karibu nusu ya ukubwa. iPhone zimeanza kurekodi hivyo tangu iOS 11 mwaka 2017, 1080p ni MB 60 kwa dakika badala ya 130. Mambo ya kizamani tuachane nayo.

Kipanga_Mbeya
Fundi, TV ya Tanga inaijua H.265? Mimi nimepeleka flashi kwa mzee, TV ikatoa sauti, picha nyeusi. Mzee akadhani nimemletea redio. Kwa video ya kugawia ukoo mzima, H.264 inafunguka kila mahali. Halafu hiyo laptopu ya GB 4 ukiipa 4K iigeuze kuwa H.265, italala inanguruma usiku kucha na asubuhi unaikuta asilimia 20.

Fundi_Salehe
Siyo lazima. Prosesa za Intel za miaka ya karibuni zina sehemu maalumu ya kufanya kazi hiyo, inakwenda haraka sana.

Kipanga_Mbeya
Haraka ndiyo, lakini kwa ubora uleule faili linatoka kubwa kuliko lile lililopikwa polepole. Na tena hatujui laptopu yenyewe ni ya mwaka gani!

dogo_stationery
Kwani zip au rar haisaidii? Mimi dukani nikibana dokumenti zinapungua sana.

chuma_cha_pwani
Dokumenti sawa, video hapana. Video imekwishabanwa tangu ndani ya kamera. Ukiipiga zip utapunguza MB mbili tatu basi.

Shangazi_Rehema
Mwanangu Mwana_Korogwe, kabla hujaamua lolote nisikilize.

Baba yangu alikuwa mtu wa kumbukumbu. Nilimkalisha barazani nikamrekodi kwa simu karibu saa mbili, anaeleza ukoo wetu, nani alitoka wapi, nani kaoa wapi, makaburi yako upande gani wa mnazi. Alikuwa akihesabu mababu kwa vidole, akifika kidole cha mwisho anakirudia cha kwanza. Simu ikajaa. Nikaweka programu ya kubana, nikachagua ile ndogo kabisa kwa sababu iliandika itaokoa nafasi kubwa. Ikafanya kazi saa nzima, simu inachoma mkono. Ilipomaliza nikafungua, nikatazama dakika ya kwanza, naona baba, nasikia sauti, nikashukuru. Nikafuta zile za asili. Nikafuta hadi kwenye pipa la taka.

Baba akafariki mwaka uliofuata. Siku ya arobaini tukakusanyika, wajukuu wakaunganisha simu kwenye TV kubwa. Baba akiwa ametulia anaonekana. Akiinua mkono tu, vidole vinakuwa viraka vya rangi, huwezi kujua yuko babu wa ngapi. Kufika dakika ya arobaini mdomo unasema hivi na sauti inasema vingine, imeachwa nyuma. Kaka yangu mkubwa akatoka nje. Mimi ndiye niliyefuta. Mpaka leo nikifika pale kwenye vidole nafumba macho nasikiliza tu.

Nunua hiyo diski kwanza, mwanangu. Zile GB 41 ziweke humo zilivyo. Kubana kutakuja.

Mwana_Korogwe
Pole sana shangazi. Mungu amrehemu mzee. Nimekusikia.

Fundi_Salehe
Pole mama yangu. Na sababu ya sauti kuachana na mdomo ni hii: simu hairekodi fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video, kwa mwendo mmoja. Imeandikwa 30 kwa sekunde, lakini pakiwa na giza au simu ikipata moto zinapungua. Programu mbovu inachukulia ni 30 muda wote, tofauti inajikusanya kidogo kidogo, ndiyo maana mwanzoni huioni. Kwenye HandBrake kuna pa kuchagua mwendo usiobadilika, inapanga fremu sawasawa na sauti. Kabla ya kufuta chochote peleka video hadi dakika za mwisho, utazame mdomo wa mtu anayeongea.

Mama_Zawadi
Pole Bi Rehema. Mimi zangu niliweka Google Photos nikidhani ziko salama, sasa inasema imejaa.

chuma_cha_pwani
Ni GB 15 tu, na hizo umegawana na barua pepe zako. Tena tangu Juni 2021 hata zile zilizopunguzwa zinahesabiwa. Kwa mjomba wa Muscat, mimi ningepandisha YouTube ikaonekana kwa mwenye kiungo tu. Wao wenyewe wanaibana saizi mbalimbali, mtazamaji anachagua kulingana na bando lake.

Kipanga_Mbeya
Harusi ya watu YouTube? Kiungo kikivuja kwenye kundi la mtaa je? Muulize bi harusi kwanza. Telegramu inapokea faili la hadi GB 2, ile ya 720p inaingia nzima.

chuma_cha_pwani
Na Telegramu haivuji? Mtu akishapokea faili anampa amtakaye.

Mwana_Korogwe
Mrejesho wakuu. Diski nimechukua, jana jioni nimehamisha zote na nimefungua moja moja kuhakikisha. Laptopu bado, nimemuuliza prosesa akasema "ni i5", nikamuuliza ya mwaka gani akanyamaza.

Usiku nimejaribu HandBrake kwenye kompyuta ya ofisini. Kipande cha bi harusi kuingia ukumbini, dakika 6, kilikuwa GB 2.1, kwa 1080p na RF 22 (ile namba ya ubora ya HandBrake) kimetoka MB 190. Nimekirudia mara tatu kwenye TV, hina ya mikononi inaonekana mpaka vile vimaua vidogo vya kwenye vidole. Nimefurahi sana. Lakini kipande cha ngoma ya usiku, dakika zilezile 6, kimetoka MB 540 na bado kina chenga. Kwa nini?

Fundi_Salehe
Giza. Kamera ikikosa mwanga inajaza chenga, na kwa programu kila chenga ni kitu kipya cha kukumbuka, kwa hiyo inatumia biti nyingi kuhifadhi uchafu. Weka kichujio cha kupunguza chenga kwanza, kile chepesi, na RF panda hadi 24. Kumbuka namba ikipanda faili linapungua.

Kipanga_Mbeya
Usiweke kichujio kikali, nyuso zinakuwa kama za sanamu. Mimi ningeiacha na chenga zake. Ngoma ya usiku ni ya usiku.

Fundi_Salehe
MB 540 kwa dakika sita utamtumia nani, Kipanga?

Shangazi_Rehema
Naomba niulize jambo langu hapahapa. Nina mkanda wa VHS wa harusi yangu mwenyewe, baba anatoa wosia mle, kama dakika kumi. Kuna mtu Tanga bado ana deki nzima na anajua kuhamishia kwenye kompyuta?

dogo_stationery
Shangazi, mkanda ulikaa wapi miaka yote? Fungua kile kifuniko cha mbele uangalie kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe ni ukungu, usiuweke kwenye deki yoyote kwanza. Nitumie picha yake.