Mrejesho: chafya na pua kuziba kila siku

Ndugu zangu, niliuliza kuhusu chafya za mfululizo na pua kuziba miezi mizima. Asanteni kwa kunihimiza niende kwa daktari. Ni aleji, siyo mafua. Kumbe matone ya kuzibua pua niliyotumia wiki 3 ndiyo yalizidisha tatizo. Matone hayo ni ya kutumia siku chache tu. Nimepewa dawa ya steroidi (ya kupunguza uvimbe) ya kupuliza puani kila siku. Mwanzoni sikuona nafuu, ila daktari alishanieleza huchukua hadi wiki 2. Nilikuwa napuliza kuelekea ukuta wa kati wa pua, damu ikatoka! Sasa nainamisha kichwa kidogo, naelekeza upande wa sikio, sivuti kwa nguvu. Kifua pia kilipimwa, maana pumu mara nyingi huandamana na aleji hii. Jana nimelala mdomo umefungwa, usiku kucha.